Msimu wa Kuzika Tope la Bandari

Jumatatu, 5 Agosti

Leo tumeanza. Mhandisi alitoa hotuba pale gatini, ndefu kama treni ya mizigo, na katikati yake nikamwona Shemeji akisinzia amesimama. Shemeji ni mdogo wa mume wangu na ndiye nahodha wa tagi, ile boti nene yenye nguvu inayovuta tishari, chombo bapa cha mizigo kisicho na injini. Mimi ndiye ninayesimama juu ya tishari. Kazi yangu nikiieleza watu hunitazama kama nimechanganyikiwa, kwa hiyo naiandika hapa mara moja, nisirudie tena.

Chini ya gati za zamani kuna tope la miaka mingi. Limenywa rangi za meli, mafuta, risasi, zebaki na kila takataka ya wenye karakana walioiona bahari ni pipa. Kina kimepungua, meli kubwa haziingii, na kila pangaboi la meli likipita linalivuruga upya. Kulipeleka nchi kavu nako ni balaa: likikauka linakuwa vumbi, na vumbi halina adabu, litakufuata hadi kwenye sufuria. Basi tumechimba shimo kubwa katikati ya ghuba, kwenye udongo mgumu na safi. Mashine inachota tope kwa ndoo ya chuma yenye taya, inajaza tishari, Shemeji anavuta hadi juu ya shimo. Tunangoja maji yasimame kati ya kujaa na kupwa. Hapo natoa amri, tumbo la tishari linafunguka, na mzigo wote unashuka kwa pamoja. Maji yakiwa yanatembea, tope halishuki, linasafiri. Shimo likijaa tutaliacha litulie, kisha tutalifunika kwa mchanga safi, na likishafunikwa halina pa kwenda.

Amri yenyewe ni neno moja, "Fungua!" Ndiyo maana mabaharia wananiita Mama Fungua. Kwa midomo yao, ningeweza kupewa jina baya zaidi.

Jumatano, 7 Agosti

Tumeletewa mpima. Ni mwanamume wa makamo, mpole, mwenye kipara na miwani minene, na kabla ya saa sita hakuna aliyekumbuka jina lake, amekuwa Miwani. Ana kisanduku cha chuma kinachoning'inia kwenye waya. Anakishusha mpaka chini, anatazama kioo, anaguna. Eti kinapima mwendo wa maji ya chini.

"Mama, ungeningoja nikishushe kabla hujafungua," aliniambia.

"Ningekungoja kama ningekuwa sina macho."

Mimi nina kipimo changu. Natupa ganda la chungwa majini. Likiondoka, maji yanatembea. Likiganda ubavuni mwa tishari kama mgeni asiyejua kuaga, maji yamesimama. Nimefungua mizigo katika bandari tatu kwa maganda ya machungwa, na hakuna mzigo ulionitoroka. Chungwa lenyewe nakula, kwa hiyo hakuna kinachopotea.

Leo ganda liliganda. Nikasema fungua. Maji yakachora duara jeusi, likafunga lenyewe, kwisha.

Ijumaa, 9 Agosti

Mizigo miwili. Joto. Chungwa lilikuwa chachu.

Jumapili, 11 Agosti

Nilikwenda kwa Mama. Mdogo wangu alikuwa jikoni. Aliponiona naingia aliweka mwiko chini, akachukua mkoba wake, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hata salamu.

Yeye anafuga chaza. Ng'ambo ya ghuba ana mapipa yanayoelea kwa safu, na kwenye kila safu kamba zimening'inia majini, na kwenye kila kamba chaza wamejishikilia. Mumewe alipofariki alimwachia watoto wawili na boti inayovuja. Alianza na safu moja. Sasa ana sita, na nyumba nzima inakula kutoka hapo. Tatizo ni kwamba chaza hunywa kila kinachopita, hawachagui. Tope likiwafikia, wapimaji wa afya watafunga ghuba yake, na ikifungwa haifunguliwi leo wala kesho.

Ndiyo maana kwenye mkutano wa hadhara, kabla hatujaanza, alisimama mbele ya watu wote akasema, "Dada yangu anataka kuzika sumu mlangoni kwangu." Mimi nikashika kipaza sauti nikajibu kwamba mdogo wangu tangu utotoni hata uji humwagikia, ndiyo maana anadhani kila mtu humwaga. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Akaketi. Tangu siku hiyo hatusemezani.

Nilikuwa na haki ya kujibu. Na jibu lenyewe lilikuwa zuri.

"Damu ni nzito kuliko maji," Mama akasema, akiokota mwiko.

"Mama, hujaliona tope."

Hakucheka.

Jumanne, 27 Agosti

Mzigo mmoja asubuhi, mmoja jioni. Maji mafu wiki hii, bahari imelala, hata Shemeji anavuta kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kikombe. Hii ndiyo kazi ninayoipenda.

Alhamisi, 29 Agosti

Mume wangu ni fundi cherehani na ana pua ya paka. Amehamishia viatu vyangu vya kazini nje ya geti, na leo nimekuta kandokando yake ndoo ya maji ya sabuni na taulo. "Nakupenda," akasema kutoka dirishani, "lakini kuanzia magotini kwenda juu." Nimenawa.

Jumatatu, 9 Septemba

Kila tunapofika juu ya shimo namwona mdogo wangu kule ng'ambo, mdogo kama kidole, amesimama juu ya boti yake mkono kiunoni. Anatutazama mpaka tuondoke. Shemeji humpigia honi kumsalimia. Mimi nilimkataza. Leo amepiga tena.

"Shemeji, nimesema usipige."

"Sikukusikia, Shemeji. Honi ilikuwa inalia."

Nilimtazama huyo mwanamke akivuta kamba peke yake, zimejaa, mgongo umepinda. Nampa heshima yake. Ila simwambii.

Jumatano, 18 Septemba

Miwani bado anashusha kisanduku chake kila mara, hata kama nimeshafungua. Anashusha, anaguna, anaandika. Nilimuuliza anamwandikia nani.

"Najiandikia mwenyewe, Mama. Siku maji ya juu na ya chini yasipokubaliana, nijue."

"Yalishawahi kutokubaliana?"

"Hapa bado."

"Basi pumzisha mkono."

Mabaharia walicheka. Yeye pia alitabasamu, akashusha tena.

Ijumaa, 27 Septemba

Meli mbovu iliyokuwa imezama mbele ya chelezo cha zamani, pale meli zilipopandishwa kutengenezwa, imeondolewa vipande vipande. Chini yake ndilo tope tuliloliogopa tangu mwanzo. Walikuwa wakikwangua meli hapo tangu enzi za babu, na rangi yote ilianguka papo hapo. Lilitakiwa litangulie shimoni, likae chini kabisa. Meli hiyo ikatuchelewesha. Linatoka jeusi, linang'aa, na linanuka dawa ya kuulia kitu. Leo hakuna aliyeleta utani kazini.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mawingu yamejazana upande wa milimani. Hapa bado kukavu. Mto unaoingia ghubani umebadilika rangi, unaonekana kama chai ya rangi.

Mhandisi ana haraka. Wakubwa wake wanampigia simu mpaka simu inapata moto. Simwonei huruma, ameishi maisha yake yote akisukuma watu, sasa naye anasukumwa.

Jumatatu, 7 Oktoba

Mvua huko juu, wanasema, ni ya kuvunja madaraja. Mizigo miwili ya chelezo imeshuka salama. Imebaki michache. Mungu atuvushe.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mikono imechubuka kwa kuvuta kamba. Naandika yote kama yalivyokuwa.

Tulifika juu ya shimo na tishari limejaa tope la chelezo hadi ukingoni. Maji ya juu yalikuwa ya kahawia, yametulia kabisa. Nilikula chungwa langu, nikatupa ganda. Likakaa. Nikahesabu moyoni polepole, likakaa. Nikatupa la pili upande wa pili wa tishari, nalo likakaa.

"Mama, subiri," Miwani akasema. Alikuwa ameinama juu ya waya wake. "Chini hakujasimama. Chini kunakimbia."

"Ganda liko palepale, tazama mwenyewe."

"Ganda liko juu, Mama. Haya ya juu ni maji ya mto."

Mhandisi alikuwa kwenye redio akiuliza tunangoja nini. Mabaharia wote walikuwa wananitazama mimi. Miwani hana sauti ya kugombana. Alisema mara moja, akasema mara ya pili kwa sauti ndogo zaidi. Na mimi nikasema fungua.

Nilijua kabla duara halijafunga, kwa sababu halikufunga. Lilivutika. Mzigo ulianza kushuka vizuri, kisha ulipofika maji ya chini ukapinda, na baada ya muda nikaona weusi unatokea mbali na tishari, mahali ambapo haukutakiwa kuwa, unaelekea ng'ambo.

Miwani alinieleza bila kunisimanga, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Maji ya mto ni mepesi. Mto ukifurika hulala juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyolala juu ya mchuzi. Ya juu yanaweza kusimama huku ya chini yanakwenda zake. Ganda langu la chungwa lilikuwa linapima mto. Katika bandari tatu nilizofanya kazi hapakuwa na mto hata mmoja.

Nilimpigia Mhandisi redio nikamwambia sehemu ya mzigo imetoka nje ya shimo.

"Itatawanyika," akasema. "Tutachukua sampuli kesho. Usimtie mtu hofu bure."

"Inakwenda kwenye chaza."

"Nimesema kesho, Mama."

Nilizima redio. Nilimpigia mdogo wangu simu. Iliita ikakatika. Nikapiga tena, akakata. Mara ya tatu hakuwa hewani kabisa. Nilijisikia mjinga na nikajisikia mkosaji, na yote mawili ni mageni kwangu. "Shemeji," nikasema, "achia tishari kwenye nanga. Twende ng'ambo. Na honi piga mpaka ikauke."

Hakuuliza. Alivuta kamba ya honi, hakuiachia njia nzima.

Mdogo wangu alikuwa amesimama juu ya boti yake na kisu mkononi, kile cha kukwangulia chaza, lakini kwa uso ule ungedhani ni cha kunichinjia.

"Umekuja kutafuta nini?"

"Toa kamba majini. Zote."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema mto, ningeweza kusema mkondo, ningeweza kumtaja Mhandisi. "Nimekosea," nikasema. "Nimefungua maji yakiwa yanatembea. Tope linakuja."

Alinitazama. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari, ningeyapokea yote. Aligeuka akatazama upande wa shimo, akaona. Kisha akabana kisu mkandani.

"Tuanzie wapi?" akauliza.

"Wewe ndiye unayejua."

"Ya sita iko mbali, inaweza kungoja. Anza ya pili."

"Na ya kwanza?"

Safu ya kwanza ndiyo iliyotazama shimo. Maji yake yalikuwa tayari yameingia giza.

"Hiyo imeshakunywa," akasema. "Iache. Shika ya pili."

Tulivuta. Mimi, yeye, Shemeji, mabaharia wawili, na Miwani aliyevua miwani yake akaitia mfukoni asiivunje, akawa anapapasa kamba kama kipofu. Kamba iliyojaa chaza ni nzito kuliko mtoto aliyelala, na inakata. Tulizirundika juu ya tagi mpaka pakawa hapana pa kukanyaga, tukazifunika kwa magunia tuliyoyalowesha kwa maji safi kutoka kwenye tangi. Chaza akifunga mdomo wake anaweza kukaa nje ya maji siku nzima na zaidi, mdogo wangu alisema, ila mwenye mdomo wazi hana maisha. Sikuuliza kama alikuwa anazungumzia chaza tu.

Tulipoinua ya sita, weusi ulikuwa umefika ya tatu, mahali ambapo sasa palibaki mapipa matupu. Ya kwanza ilikuwa bado imening'inia. Mdogo wangu aliketi juu ya rundo, akaiangalia hiyo safu, akalia kwa sauti. Ndiyo safu aliyoanza nayo. Nilitaka kumshika bega nikaona sina haki hiyo leo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wapimaji wa afya wamekuja. Wamechukua chaza kutoka safu zote, wamefunga mauzo hadi majibu yatoke. Maji yalisafika wakati wa kupwa na tumezirudisha majini kamba za safu tano.

Mhandisi alinifokea kwa kuzima redio. Nilimsikiliza hadi mwisho, kisha nikamwambia nimeshaandika taarifa kwa mkono wangu: ganda, kisanduku, amri, kila kitu. Jina langu liko juu na halijajificha nyuma ya la mtu. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Nikamwomba radhi Miwani mbele ya wote, kwa sababu nilimdharau mbele ya wote.

"Hata mimi nilitakiwa kusema kwa nguvu zaidi, Mama," akasema.

"Ulitakiwa. Kuanzia leo ukiona mambo hayaendi, nipigie kelele kama mwizi."

Amekuwa mwekundu mpaka kiparani.

Jumapili, 13 Oktoba

Kwa Mama. Mdogo wangu alikuwa jikoni, hakutoka. Mwanzoni hatukuzungumza, lakini tulimenya viazi kwenye beseni moja. Nimewaza ule mkutano. Watu wakacheka, akaketi, na mimi nikaenda nyumbani nimeshiba sifa. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi vidole vyangu vyote ni vizima.

"Nilikosea na kwenye mkutano," nikamwambia, macho kwenye kiazi.

"Najua."

Basi. Akaniongezea viazi.

Jumatano, 16 Oktoba

Umebaki mzigo mmoja wa chelezo, na leo nimefanya jambo ambalo mabaharia hawajawahi kuliona: nimerudisha tishari likiwa limejaa. Miwani alishusha kisanduku, akanyoosha shingo, akapiga ukelele, "Bado, Mama! Bado!" mpaka ndege wakaruka. Tulingoja, maji ya juu yakasimama, ya kati yakasimama, ya chini yakakataa kabisa. Nikasema turudi.

Gatini walitucheka. Mtu akauliza kama Mama Fungua sasa ni Mama Funga. Mhandisi alikuja mbio, tai iko begani.

"Unajua kila siku ya kungoja wakubwa wananifanya nini?"

"Wakikufanya, waambie waje wasimame wao juu ya tishari. Mimi sifungui."

Nilidhani ananiachisha kazi papo hapo. Alivua tai, akaitia mfukoni. "Haya," akasema. "Nitawaambia tunangoja maji mafu. Lakini uje uwe kando yangu nikipiga simu." Nikakaa kando yake. Alipiga, akasimama imara, hata sauti haikutetemeka. Miezi yote hii nilikuwa namwona ni bomba tu linalopitisha makaripio ya wengine. Leo limezibwa, na aliyeliziba ni yeye mwenyewe.

Jumanne, 22 Oktoba

Tunangoja. Mvua imefika hata hapa. Mume wangu kaniletea viatu ndani ya geti, eti vimeshanawa vya kutosha.

Alhamisi, 24 Oktoba

Maji mafu. Mto umepungua. Kisanduku chini, kisanduku kati, kisanduku juu. Miwani akainua dole gumba. Nikasema fungua, na mzigo wa mwisho ukashuka wima, duara likafunga. Shemeji alipiga honi. Kule ng'ambo mtu alinyoosha mkono, akaushusha.

Jumatatu, 4 Novemba

Shimo limetulia. Hatugusi kitu. Mvua.

Jumatano, 13 Novemba

Majibu yametoka. Safu ya pili hadi ya sita ni safi. Watazipima tena mwezi ujao kabla ya kumruhusu auze. Safu ya kwanza haifai kuliwa, wala kuachwa majini, wala kutupwa jalalani.

Nilimpelekea habari mwenyewe. Nilimkuta nyumbani kwake anamsuka binti yake. Hakusimamisha mkono. "Kamba zake zitakwenda wapi?" akauliza.

"Kulekule shimoni, pamoja na tope. Kabla hatujamwaga mchanga."

Alimaliza msuko mmoja, akaufunga. "Nitazileta mwenyewe," akasema. "Asizishike mtu."

Jumamosi, 23 Novemba

Alikuja alfajiri na boti yake, safu nzima ya kwanza imejaa ndani ya magunia. Alizikata kamba mwenyewe, gunia kwa gunia akazihamishia kwenye tishari, hakutaka msaada. Chaza walikuwa wakubwa, wanene, wangependeza mezani popote. Nilimpisha njia tu.

Tulipofika juu ya shimo Miwani alipima juu, kati na chini, akainua dole gumba. Watu wakanitazama. Nami nikamtazama mdogo wangu, nikamwambia kama anataka kutoa amri yeye, atoe.

"Hapana," akasema. "Hii ni yako. Iseme."

Nimesema neno hilo nusu ya maisha yangu. Leo lilitoka dogo, mtu wa winchi, yule anayelifungua tumbo la tishari, akaomba nirudie. Nikarudia. Magunia yakaenda. Mdogo wangu alisimama hadi maji yalipofunga, na safari hii nilimshika bega, naye hakuuondoa mkono wangu.

Jumanne, 26 Novemba

Mchanga. Mhandisi alitaka kujua kwa nini tusiufungulie kwa mkupuo kama tope, tumalize. Nilimwambia amwage kilo ya sukari kwenye bakuli la uji, aone uji unakwenda wapi. Tope bado ni laini. Ukilitupia mzigo wa mchanga, mchanga unazama na tope linapanda juu. Lazima unyunyizwe kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, tagi ikienda polepole. Alisikiliza, akaagiza bomba lenye matundu. Tunanyunyiza.

Jumatatu, 2 Desemba

Tunanyunyiza. Shemeji analalamika kwamba anaendesha kama anabeba mayai. Namwambia ndiyo mara ya kwanza anaendesha vizuri.

Ijumaa, 6 Desemba

Miwani amepima shimo lote. Mchanga umelala sawasawa, hakuna mahali tope limechungulia. Amenionyesha kwenye kioo chake, mstari mmoja ulionyooka kabisa. Nikaguna kama yeye.

Jumamosi, 14 Desemba

Vipimo vya pili vilitoka jana, vyote safi. Leo mdogo wangu ameruhusiwa kuuza. Alinitumia ujumbe wa maneno mawili: "Njoo unisaidie." Nikaenda.

Meza yake iko pale boti zinapofunga, na chaza walikuwa wamepangwa juu ya barafu. Watu walikuwa wanapita. Wanatazama, wanaulizana kwa chini, wanapita. Habari ya lile tope ilitutangulia sote. Mdogo wangu alisimama wima nyuma ya meza, anatabasamu, lakini chini ya meza nilimwona anasokota kona ya aproni yake mpaka ikawa kamba. Watu hawa wasiponunua leo, hawatanunua tena, na miaka yake yote itabaki kuning'inia majini bila mlaji.

Akasimama mpishi wa hoteli, mtu mzito mwenye kapu. Akamchukua chaza mmoja, akamgeuza.

"Nasikia ghuba hii ndimo walimozika sumu."

Watu wawili watatu wakasogea kusikia. Mdogo wangu angeweza kusema ni uvumi. Angeweza kusema ni mbali. Alininyooshea kidole.

"Muulize huyu. Ndiye aliyeizika."

Mpishi akanigeukia. Nikamwambia yote. Iko kule, unaona lile boya, na juu yake kuna mchanga niliounyunyiza mwenyewe. Siku moja nilifungua maji yakiwa yanatembea, na safu yake ya kwanza ikalinywa tope. Safu hiyo nayo tumeizika. Hawa mezani ni wa safu ya pili hadi ya sita, wamepimwa mara mbili na karatasi zake hizi hapa.

"Na wewe unakula?" akauliza.

"Kuanzia safu ya pili, nakula."

Mdogo wangu alichukua kisu, akafungua chaza mmoja, akamtazama vizuri kwenye mwanga, akanipa kwa mkono wake. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha ni mimi. Hakuna mtu ghubani anayejua kama mimi kilicholala kule chini. Nilimtia mdomoni, nikatafuna, nikameza. Alikuwa mtamu, na nikasema hivyo. Nikanyoosha mkono kwa wa pili, nikala huyo pia. Nilipomshika wa tatu mdogo wangu alinichapa kiganja.

"Basi, Dada. Hawa wengine ni wa wateja."

Mpishi alicheka, akasukuma kapu lake juu ya meza, akasema lijazwe.